Sosi za kuchovea za Vietnam: bakuli dogo nalionja kabla ya nyama

Ukikaa Hanoi saa sita mchana na kuletewa bún chả, usikimbilie nyama. Chukua kijiko, onja kwanza maji yale yaliyoizunguka. Hivyo ndivyo ninavyoupima mgahawa wowote wa Vietnam, uwe wa kiti cha plastiki kando ya barabara au wa kitambaa cheupe mezani. Nyama nzuri mtu ataiamkia sokoni alfajiri na kuichoma kwa adabu. Sosi hana pa kuikimbilia. Lazima aichanganye mwenyewe kwa kuonja, na kila siku ndimu ina uchachu wake, kwa hiyo sosi ndiyo inayokuambia kama aliye jikoni anajali au anasukuma siku.

Bún chả kwa asiyeijua: tambi nyembamba za mchele kwenye sahani yake, kapu la majani mabichi, na bakuli la sosi ya uvuguvugu ambamo vimezamishwa vipande vya nyama ya tumbo ya nguruwe na vidonge vya nyama ya kusaga, vyote vimetoka kwenye mkaa muda huohuo. Ni chakula cha mchana. Ukifika jioni utakipata, lakini sehemu za watu wa mtaa wengi wao wameshaosha masufuria.

Kibanda ninachokipenda kiko ndani ya kichochoro karibu na soko la Hôm. Hakina jina, kina ubao tu ulioandikwa chakula chenyewe na bei, dong 45,000. Mama mwenye kibanda anabana nyama katikati ya wavu wa waya, anaigeuza juu ya mkaa, na feni ya umeme inasukuma moshi hadi barabarani. Huo ndio tangazo lake. Sosi iko kwenye sufuria kubwa pembeni, juu ya moto mdogo sana. Ndani mna sosi ya samaki, yaani nước mắm, maji, sukari na siki, pamoja na vipande vya papai bichi na karoti vilivyolowekwa ili vibaki na mlio mdomoni. Rangi yake ni kahawia hafifu, na unaona hadi chini ya bakuli. Anapoiteka, anamimina juu ya nyama iliyotoka kwenye moto, na mafuta ya nyama yanapanda juu kwa vitone vidogo vinavyong'aa.

Onja hapo hapo. Utamu unatangulia, uchachu unafuata, chumvi inakuja nyuma yake, na mwisho kabisa kinabaki kitu kizito kwenye ulimi ambacho hakina harufu ya samaki ingawa kimetoka kwa samaki. Hakuna kinachompiga mwenzake. Ndipo unaongeza saumu na pilipili zilizokatwakatwa, ambazo mama huziweka kwenye kisahani peke yake ili kila mtu ajipimie. Saumu ya kutia dakika ya mwisho inaelea juu, nyeupe, na bado ina ukali wake. Ikishinda ndani ya sosi tangu asubuhi inazama, inalainika na kuacha uchungu. Mimi hutazama hilo kabla hata sijakaa vizuri.

Uvuguvugu nao si mapambo. Sosi ikiwa baridi mafuta yanaganda juu, nyama inakuwa ngumu, na tambi ambazo tayari zimepoa zinakuwa kama zilizolala. Kuna mgahawa mmoja wa watalii katika Mtaa wa Kale ulionitoza dong 180,000 kwa bún chả yenye sosi ya baridi, tamu kupita kiasi, isiyo na kipande hata kimoja cha papai. Nyama ilikuwa nzuri kweli. Lakini nilikuwa nakula nyama choma na tambi, siyo bún chả, na kwa pesa hiyo ningekula mara nne kwa mama wa kichochoroni.

Wageni wengi wanauliza kuhusu Hương Liên, mtaa wa Lê Văn Hưu, ambako Barack Obama alikula na Anthony Bourdain mwezi Mei 2016. Meza yao imehifadhiwa ndani ya kioo. Nenda, chakula ni cha heshima na sosi inapashwa moto inavyotakiwa. Agiza na nem cua bể, sambusa zao za mraba zenye kaa ambazo asili yake ni Hải Phòng, uzichovye kwenye bakuli hilohilo.

Kwa wasomaji Waislamu, na najua mko wengi: bún chả ni nguruwe, haina njia. Hata tofu ya kukaanga wakati mwingine hutumbukizwa kwenye mafuta ya nguruwe. Kaskazini uliza "thịt lợn", kusini ni "thịt heo", na usione haya kuuliza pia mafuta waliyokaangia. Habari njema ni kwamba sosi nyingi nitakazozitaja hapa zinaendana na samaki, dagaa, kuku na majani, na kwa upande huo Vietnam ni tajiri mno.

Sasa niseme juu ya chupa, kwa sababu karibu kila bakuli la kuchovea linaanzia kwenye chupa moja. Nước mắm ya kweli ina vitu viwili: samaki na chumvi. Samaki anayesifiwa ni cá cơm, dagaa mdogo wa baharini, na kipimo cha kawaida ni sehemu tatu za samaki kwa moja ya chumvi. Kisiwani Phú Quốc huwapakia kwenye mapipa ya mbao marefu kuliko mtu, yaliyofungwa kwa mikanda ya kusokota, na kuwaacha kwa mwaka mzima au zaidi. Chumvi inazuia kuoza, vimeng'enya vya samaki mwenyewe vinamyeyusha, na kinachotiririka kwenye bomba la chini ni maji mekundu ya kahawia yenye mng'ao. Ukiingia kwenye ghala la mapipa hayo harufu inakupokea mlangoni, nzito, ya chumvi na ya mbao. Baada ya muda mfupi pua inaizoea, unaanza kusikia utamu ndani yake.

Kwenye lebo tafuta namba inayofuatwa na herufi N: 30, 35, 40. Hizo ni gramu za naitrojeni katika kila lita, kwa maneno mengine ni kiasi cha protini ya samaki iliyoingia kwenye maji. Arobaini ni karibu na kilele cha kile ambacho pipa linaweza kutoa lenyewe. Kisha soma viambato. Ukikuta cá cơm na chumvi tu, umefika. Ukikuta sukari ya maabara, rangi, kiongeza ladha na kikoleza uzito, hiyo ni sosi ya kiwandani iliyoanzia kwenye nước mắm kidogo ikaongezwa maji na vingine. Ndiyo inayouzwa kwa wingi zaidi nchini, na ndiyo utakayoikuta kwenye meza nyingi za bei rahisi. Haitakudhuru, ila ukiichanganya na ndimu utamu wake wa bandia unabaki umesimama peke yake, haukubali kuungana na chochote.

Jina la Phú Quốc lililindwa kisheria Vietnam mwaka 2001, na mwaka 2012 Umoja wa Ulaya ukalisajili pia, kwa hiyo chupa yenye jina hilo inatakiwa iwe imetengenezwa kisiwani humo. Wenyeji wa Phan Thiết watakuambia yao ndiyo bora. Karibu na Đà Nẵng, jiji la pwani ya kati, kuna kijiji cha Nam Ô ambacho bado kinatengeneza kwa mikono. Nimeonja zote tatu upande kwa upande, kijiko kwa kijiko, na Phú Quốc ndiyo yenye ladha laini zaidi. Ya Phan Thiết inachoma chumvi mwanzoni, ya Nam Ô ina harufu ya bahari iliyo wazi zaidi. Kwa kuchovea nachukua Phú Quốc, kwa mchuzi wa samaki nachukua Nam Ô bila kusita.

Kuna jambo moja linaloniuma bado. Oktoba 2016 ulitangazwa uchunguzi uliodai kwamba nước mắm nyingi za asili zina arseniki kupita kiasi, na ghafla wanaotumia samaki na chumvi tu ndio wakaonekana wauza sumu. Baadaye Wizara ya Afya ya Vietnam ilipima na kusema ziko salama. Uchunguzi wa kwanza ulihesabu arseniki yote kwa jumla, wakati iliyomo kwenye samaki wa baharini kwa sehemu kubwa ni ya kikaboni, isiyo na hatari ile ya aina nyingine. Kadiri sosi ilivyo na samaki wengi ndivyo hesabu ile ilivyoihukumu. Watu wenye mapipa yao ya familia hawakustahili hilo.

Tuje kwenye mắm tôm. Hii inatengenezwa kwa uduvi na chumvi, ni uji mzito wa zambarau iliyofifia, na harufu yake inafika mezani kabla ya aliyeileta. Wageni wengi wanageuza uso. Mimi naitetea, kwa sharti moja, kwamba iandaliwe mbele yako. Unapewa kikombe kidogo chenye mắm tôm, unaikamulia quất, ndimu ndogo za mviringo zenye harufu ya chungwa, unatia sukari, pilipili, na kijiko cha mafuta ya moto kutoka kwenye karai. Halafu unapiga kwa vijiti, haraka, bila kuchoka. Rangi inabadilika mbele ya macho yako, povu linapanda, na ule ukali wa pua unatulia. Bila povu bado hujamaliza, endelea kupiga.

Chakula chake ni bún đậu: tambi zilizobanwa zikakatwa vipande, tofu iliyotoka kwenye mafuta sasa hivi, matango, majani ya tía tô na kinh giới, na kwa wanaokula, nyama ya nguruwe ya kuchemsha. Vyote hupangwa kwenye ungo mdogo wa mianzi. Tofu ndiyo inayofaidi zaidi. Ngozi yake imekauka na kupasuka, ndani ni laini isiyo na ladha ya kujidai, na inabeba mắm tôm kwenye mipasuko. Kwa dong 40,000 hadi 60,000 sijui chakula kingine Hanoi kinachonipa furaha ya namna hiyo. Kama tumbo lako ni jepesi, tafuta sehemu inayoipika kwanza, mắm tôm chưng. Mwishoni mwa mwaka 2007, wakati wa mlipuko wa kuhara kukali kaskazini, mamlaka za afya ziliitaja mắm tôm kati ya vyakula vya kutiliwa shaka, na mpaka leo wapo wenyeji wa Hanoi wanaoitaka imepita kwenye moto.

Mắm tôm hiyohiyo inaandamana na chả cá, samaki wa Hanoi aliyeupa mtaa mzima jina. Mtaa wa Chả Cá ulikuwa ukiitwa Hàng Sơn kabla samaki hajaushinda. Ni vipande vya samaki wa maji baridi wa jamii ya kambare, vilivyolazwa kwenye manjano na khulanjani, vikaangwa mbele yako na shibiti na vitunguu vya majani kwa wingi. Juu yake karanga. Hapa bei inapanda, kwenye nyumba zenye jina utalipa zaidi ya dong 150,000 kwa kichwa, na kwa shibiti ile iliyosinyaa kidogo tu kwenye mafuta ya moto mimi nalipa. Usikubali ukibadilishiwa sosi kwa sababu wewe ni mgeni. Wahudumu wengi kwa huruma yao huleta nước mắm badala ya mắm tôm. Rudisha kwa heshima, uombe yenyewe. Nước mắm kwa chả cá ni nyepesi, manjano inaifunika kabisa.

Ukishuka hadi Đà Nẵng, meza inatawaliwa na mắm nêm. Dagaa haohao na chumvi, ila hawachujwi, kwa hiyo sosi inabaki nzito, ya kijivu, na vijipande vya samaki ndani. Inachanganywa na nanasi lililopondwa, saumu na pilipili. Nanasi ndilo siri. Uchachu wake una matunda ndani, siki haiwezi kuifanya kazi hiyo. Mji ule huila na bánh tráng cuốn thịt heo, nyama ya nguruwe iliyokatwa nyembamba na kuviringishwa na majani ndani ya karatasi ya mchele. Asiyekula nguruwe apeleke mắm nêm kwa samaki wa mvuke, nao huviringishwa vivyo hivyo, na kwa maoni yangu ndiyo ndoa bora zaidi ya sosi hii. Mkunjo wako uwe mwembamba. Ukijaza majani kupita kiasi, sosi inashika ncha tu na katikati unatafuna bustani kavu.

Huế, mji mwingine wa kati mwa nchi, nisiuruke, ingawa nitapita haraka. Sosi yao ya bánh khoái, mkate mwembamba wa kukaanga, na nem lụi, nyama ya nguruwe ya kuchoma kwenye kijiti, ni ya maini, karanga na ufuta, ya moto na nzito, na watu wanaisifu sana. Kwangu inashibisha kabla chakula hakijaanza. Bánh bèo zao, vikeki vidogo vya mchele vilivyotiwa kamba waliokaushwa juu, zinakuja na nước mắm nyepesi yenye pilipili za kijani, na hizo ningezila kila asubuhi.

Kusini wanapenda sukari, na hilo ulipokee mapema. Sosi ya cơm tấm, wali wa chenga wa jiji la Ho Chi Minh, ni nzito kidogo na tamu, haiwekwi kando kwa kuchovea tu bali unaimwagia wali. Wapishi wengi hutumia maji ya nazi mahali pa maji ya kawaida, na utamu huo wa nazi ni wa upole kuliko wa sukari. Bánh xèo ni mkate mwembamba wa uji wa mchele unaomiminwa kwenye karai, wa manjano, una mlio ukiuvunja, ndani kamba na chipukizi za maharage. Unauvunja, unaufunga ndani ya jani la haradali pana kama kiganja, unachovya. Uchungu wa jani ndio unaousahihisha utamu wa sosi. Nimeona wageni wakiacha majani pembeni kisha wakilalamika kwamba sosi ya kusini imezidi sukari, na nataka kuwaambia: jani liliwekwa kwa ajili hiyo.

Kwa gỏi cuốn, mikunjo ya karatasi ya mchele isiyokaangwa, kusini hutumia tương nyeusi, sosi ya soya iliyochachushwa, iliyopikwa na karanga. Ni sosi rahisi kuipenda na rahisi kuiharibu. Ikiwa imetoka kwenye chupa moja kwa moja bila kupikwa, inafunika kamba na mnanaa wote.

Na zipo zisizo za maji kabisa. Muối tiêu chanh ni chumvi na pilipili manga kwenye kisahani, robo ya ndimu pembeni. Unakamua mwenyewe, unakoroga kwa ncha ya kijiti. Kuku wa kuchemsha aliyetandazwa majani ya mndimu yaliyokatwa nyembamba kama nyuzi, akichovywa hapo, hahitaji kingine. Kama ukienda Phú Quốc nunua na pilipili manga ya kisiwani, ina harufu kali na inaifaa sana kazi hii. Nha Trang wao wanasaga pilipili za kijani na chumvi, ndimu na maziwa mazito ya kopo. Najua maziwa yanatia shaka. Jaribu na ngisi wa kuchoma. Maziwa yanaushika ukali na kuuchelewesha, unaupata ukali baada ya utamu wa ngisi kupita.

Kwa jioni za baridi za Hanoi, konokono wa kuchemsha na mchaichai. Sosi yao ina tangawizi nyingi, mchaichai, majani ya mndimu, pilipili na quất, imekatwa mbichi kiasi kwamba bakuli limejaa vipande kuliko maji. Unamvuta konokono kwa pini, unamzungusha humo. Akiletwa na nước mắm tupu yenye pilipili mbili zinazoelea, lipa uondoke. Tangawizi hapo si pambo, wenyeji huihesabu kama inayolipasha tumbo joto baada ya konokono.

Ukitaka kubeba chupa kwenda nayo nyumbani, uliza shirika lako la ndege kabla hujanunua. Mengi yanayoruka ndani ya Vietnam hayaitaki sosi ya samaki hata kwenye mzigo wa chini, kwa kuogopa kupasuka, na maduka ya Phú Quốc yanalijua hilo. Mengi yatakutumia chupa kwa meli na gari hadi hoteli yako bara. Usinunue chupa ya plastiki iliyokaa juani mbele ya duka. Chagua ya kioo, iinue kwenye mwanga, iwe angavu bila ukungu, kisha geuza lebo usome viambato. Mimi huchukua mbili: ya 40 kwa bakuli la mezani, na ya 30 ya bei nafuu kwa sufuria, kwa sababu ukiichemsha ile ya 40 ndani ya mchuzi harufu yake nzuri inaondoka na mvuke na hela yako pamoja.